Mtumiaji wa Taifa

Msiniulize nchi yenyewe iko wapi. Mkiitafuta kwenye ramani hamtaiona, kwa sababu siku ramani ilipochorwa ofisa wetu wa mipaka alikuwa kwenye semina. Lakini ipo, tena ina bendera, ina wimbo, na ina Wizara ya Ubora na Shukrani, ambayo ndiyo iliyoniajiri mimi, Ngwali, mgonga mihuri mstaafu wa posta, kwa cheo cha Mtumiaji wa Taifa.

Nieleze cheo hicho, maana najua kwenu hakipo. Serikali yetu ilikuwa imesikia kwamba huko nje programu za kompyuta hutengenezwa kwa kumfikiria kwanza mtu atakayezitumia. Likatoka tamko: na sisi tutamfikiria. Shida ni kwamba wananchi wetu ni milioni kumi na mbili, na huwezi kuwafikiria watu wote hao ukabaki na muda wa chakula cha mchana. Ikaamuliwa ateuliwe mmoja, atangazwe kwenye gazeti la serikali, awe anafikiriwa yeye kwa niaba ya wengine.

Tulioomba tulikuwa mia tatu. Tangazo lilitaka "mwananchi wa kawaida mwenye uzoefu wa ukawaida usiopungua miaka kumi". Kwenye usaili hatukuulizwa swali hata moja. Tuliletewa chai, na chai yenyewe ilikuwa imetiwa chumvi badala ya sukari. Wenzangu wakakunja nyuso. Mmoja akaitema kwenye leso, mwingine akasema kistaarabu kabisa kwamba pengine jikoni wamekosea kopo. Mimi nikainywa yote, nikasema imekolea. Nililelewa hivyo. Kwetu mgeni hasemi chakula hakina chumvi, wala hasemi chai inayo. Palepale nikapewa barua ya uteuzi.

Nilifurahi, nisiseme uongo. Mke wangu Sihaba alicheka mpaka akashika kiuno.

"Baba Mize," akasema, "yaani serikali imekosa watu mpaka imemchukua mtu anayeogopa kumwambia kinyozi kwamba amemkata sikio?"

Sihaba hakuwa na adabu kama yangu. Alikuwa mponda kokoto. Miaka ishirini alishona nguo, na macho yalipochoka akaenda kukaa na wanawake wa machimbo ya mawe nyuma ya mtaa wetu, nyundo mkono huu, jiwe mkono huu. Kazi ile humaliza ngozi ya vidole kidogokidogo kama kipande cha sabuni. Alikuwa pia na ugonjwa wa moyo. Kila mwezi alikwenda zahanati kuchukua vidonge, na Sista Foibe, muuguzi wetu, akimwona tu mlangoni alianza kuvihesabu kabla hawajasalimiana, kisha anaandika kwenye daftari lake kubwa jekundu. Akimeza vidonge vyake, Sihaba aliponda ndoo kumi kwa siku na kumsema kila apitaye. Akivikosa siku tatu miguu ilivimba na pumzi ilikuwa ya kuomba. Hayo nilikuwa nayajua kuliko mtu yeyote.

*

Mfumo wa kwanza kuletwa kwangu uliitwa Dawa kwa Kidole. Mgonjwa angeweka kidole gumba kwenye kidude chenye kioo, kidude kingemtambua kwa alama zilizochukuliwa zamani wakati wa vitambulisho, na sanduku la chuma lililo chini yake lingefunguka na kutoa dawa zake. Hakuna daftari, hakuna kalamu, hakuna muuguzi kukujua kwa jina, jambo ambalo Wizara ilisema ni upendeleo.

Wahandisi wa mfumo walikaa ghorofa ya tisa. Ukutani walikuwa wamemchora mtumiaji waliyemkusudia: kijana mwenye tai, anatabasamu, kucha safi. Mgonjwa wa kweli hawakuwahi kumwona, lakini huyo wa ukutani walimsalimia kila asubuhi, na siku yake ya kuzaliwa walimkatia keki.

Aliyeajiriwa kutafuta kasoro alikuwa binti mmoja, Tunu Kapilima, Mkaguzi wa Ubora. Ofisi yake ilikuwa chini ya ngazi, pamoja na mafagio. Wiki mbili kabla ya siku ya majaribio alinifuata kwenye benchi la wageni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mzee, nasikia unakaa jirani na machimbo. Nataka wale akina mama wa kokoto wakijaribu hiki kidude kabla hakijakwenda zahanati. Vidole vyote tulivyojaribia ni vya ghorofa ya tisa, na huko juu hakuna anayefua hata soksi zake."

Nikamwambia ni wazo jema, aombe kibali. Aliomba. Akajibiwa kwa barua ya kurasa nne kwamba akina mama hao si watumiaji, kwa kuwa mtu hawezi kuwa mtumiaji wa kitu ambacho hakijaanza kutumika. Kwamba majaribio ya kina yatafanyika baada ya uzinduzi, yasije yakauchelewesha. Na kwamba zile kasoro arobaini na tatu alizoorodhesha zinarudishwa kwake, kwa sababu neno kasoro limeondolewa wizarani na siku hizi linasemwa "sifa isiyozoeleka". Tarehe ya uzinduzi haikuweza kusogezwa. Waziri alikwisha shonesha suti.

*

Siku ya majaribio ukumbi ulipambwa kwa maputo. Kiti changu kiliwekwa katikati kabisa, kwani mwongozo ulisema mtumiaji awe katikati, na wakubwa wakakaa kunizunguka kama watu wanaotazama ngoma. Waziri, Mheshimiwa Fulgensi Mapunjo, alihutubia saa moja na nusu.

"Ndugu zangu," alisema, "ziko nchi zinazojaribu vitu ili kuona kama vinafaa. Sisi hatua hiyo tumeivuka! Sisi tunavijaribu kwa sababu vinafaa!"

Makofi. Kisha nikaletewa kidude kwenye sinia lililofunikwa kitambaa cha kufumwa.

Lazima niseme kwamba wiki ile nilikuwa nimemsaidia Sihaba kuponda, maana kulikuwa na lori lililosubiri kujazwa. Nikaweka gumba kwenye kioo. Taa nyekundu. Nikalipangusa kwenye suruali, nikaweka tena. Nyekundu. Mara ya tatu, mara ya nne. Ukumbi ukanyamaza mpaka nikasikia feni. Nilipofika mara ya tisa nilikuwa nimelowa shati zima, na mkitaka msiamini, haikunipitia hata kidogo kwamba kidude ndicho kibovu. Nilijua mbovu ni mimi. Niliona aibu ya mtu aliyeshindwa kufungua mlango wa choo ugenini.

Ofisa mmoja akainama sikioni. "Mzee, ni jasho tu," akanong'ona, akapenyeza gumba lake laini chini ya langu. Taa ikawa kijani. Ukumbi mzima ukasimama.

"Mzee wetu!" Waziri akauliza kwenye kipaza sauti. "Kimekutambua?"

Tunu alikuwa amesimama nyuma kabisa karibu na mlango. Alikuwa ananitazama mimi tu, hapigi makofi.

"Kimenitambua, Mheshimiwa," nikasema. "Safi kabisa."

Nikatia sahihi, nikapewa sharubati.

*

Uzinduzi ulifana. Katika kila zahanati daftari la zamani lilichomwa moto hadharani kuashiria kuaga ujinga, na letu Sista Foibe ndiye aliyeamriwa kulitia kiberiti. Alilia, gazeti likaandika kwamba muuguzi alibubujikwa na machozi ya furaha.

Siku tano baadaye Sihaba alikwenda kuchukua vidonge vyake, nami nikamsindikiza kwa fahari, nimevaa beji. Akaweka kidole. Taa nyekundu, na sauti ya kike ndani ya kidude, sauti nzuri kweli, ikasema:

"Mtu huyu hayupo."

"Mama Mize, hebu weka tena," Sista akasema.

Akaweka tena. Akaweka cha kushoto. Akaweka vyote kumi, akaviosha, akavipaka mate, akaviweka tena.

"Mtu huyu hayupo."

"Nipo, mwanaharamu we!" Sihaba akakipigia kelele. "Nimekaa na huyu mwanamume miaka thelathini na mmoja, muulize kama sipo!"

Sista alikuwa anaviona vidonge vyenyewe kupitia tundu la pembeni la sanduku, lakini sanduku halikufunguka ila kwa amri ya kidude. Maduka ya dawa nayo yalikuwa yamefungiwa kidude hichohicho. Nikajaribu kidole changu, ambacho sasa kilikuwa laini, kwa maana Wizara ilinikataza kazi za mikono ili nisipoteze ukawaida wangu. Kidude kikanikaribisha kwa jina, kikanitolea dawa ya minyoo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoandikwa kwenye kumbukumbu zangu. Nilijaribu siku tatu mfululizo. Nadhani katika nchi nzima hapakuwa na tumbo safi kama langu.

Utaratibu wa kulalamika ulikuwepo, tena mzuri. Ulianza kwa mlalamikaji kuweka kidole.

Mwisho wa mwezi Wizara ilitangaza kwamba mfumo umefaulu kwa asilimia mia moja. Nimeikagua hesabu ile, haikuwa ya uongo. Asiyetambuliwa si mtumiaji, na asiye mtumiaji hahesabiwi. Waliobaki wote walikuwa wametambuliwa. Kule machimboni, katika wanawake arobaini, thelathini na saba hawakuwepo. Waliendelea kuponda mawe hivyohivyo bila kuwepo.

Sihaba hakuweza kuendelea. Wiki ya pili nyundo ilimshinda. Wiki ya tatu ilimshinda mitungi, kisha ngazi ya mlangoni. Akawa analala ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali alikuwa anazama, anasema, anazama nchi kavu. Miguu ilivimba ikang'aa. Nilikuwa naikanda kwa maji ya uvuguvugu, na alama ya kidole changu ilibaki pale ilipobonyeza.

*

Wiki ya tano alikuja Tunu. Walikuwa wamemhamishia Idara ya Michezo kuhesabu viti vya uwanja wa mpira, kwa kuwa alionekana ana jicho la kuona vitu vidogo. Akamsalimia Sihaba kwa kupiga goti, akaitazama miguu ile.

"Mzee wangu," akaniambia, "nimeisoma sheria ya majaribio yote. Kuna mtu mmoja tu anayeweza kuusimamisha mfumo ukarudi kupimwa upya. Si mimi, si Waziri. Ni Mtumiaji wa Taifa, akienda mbele ya kamati ya Wizara akatamka kwamba siku ile hakikumtambua. Wakishausimamisha, masanduku yote yanafunguliwa kwa ufunguo. Kesho kutwa wanakaa."

Sihaba akageuza kichwa juu ya mito.

"Siku ile," akauliza, "hakikukutambua?"

Tunu akatazama mkeka. Nilitamani aseme yeye.

"Hakikunitambua," nikasema.

"Nawe ulisemaje?"

"Nilisema kimenitambua."

"Kwa nini, Baba Mize?"

"Watu walikuwa wengi."

Alinitazama sana. Nilitegemea matusi, na Mungu ananijua, niliyataka. Badala yake alipumua mara mbili, tatu, akitafuta pumzi ya kusemea.

"Nenda kawaambie," akasema. "Ila usiwaambie vizuri, unanisikia? Waambie vibaya. Waambie kama mimi."

*

Njia nzima nilifanya mazoezi. Hakikunitambua. Hakikunitambua. Nililisema kwa sauti mpaka mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga akanipisha njia.

Kamati ilinipokea kwa heshima ambayo sikuwahi kuiona. Wote kumi na wanane walisimama. Kiti changu kilikuwa palepale katikati, kimewekewa mto. Waziri akatoka mezani kwake, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Mzee wetu! Habari za nyumbani?"

"Nzuri, Mheshimiwa."

Mnajua wenyewe. Kwetu mtu hata nyumba ikiwa inaungua, kwanza ni nzuri, ndipo useme ila inaungua. Lakini karani wa kamati aliandika "nzuri", akapiga mstari chini, akafunika kalamu yake.

"Na mama hajambo?"

"Hajambo kidogo, Mheshimiwa. Ila..."

"Alhamdulillahi! Mleteeni mzee sharubati."

Ikaja sharubati ya ukwaju. Wakaja na ngao ya shaba yenye jina langu, wakanivisha na joho. Watu wazima, wenye vyeo, wananifunga vifungo. Waziri akasema ameambiwa nina neno, na kwamba kamati yote imeacha shughuli zake kulisikiliza. Nikasimama. Neno nililokuwa nalo njia nzima lilikuwa bado lipo mdomoni, nalihisi. Nikawatazama, na wote walikuwa wanatabasamu.

"Mheshimiwa," nikasema, "mfumo ni mzuri sana. Ila... vidole vyetu sisi, pengine, vina kijitatizo."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Kila siku najisikia nikilisema tena.

Waziri alifurahi kupita kiasi. Alisema huo ndio ukomavu wa mtumiaji, kujua tatizo liko wapi. Papo hapo akazindua Kampeni ya Taifa ya Kulainisha Vidole. Kila mwananchi angepewa kopo la mafuta ya mgando bure, katika zahanati iliyo karibu naye, baada tu ya kutambuliwa na kidude.

Tunu alikuwa ananingoja nje kwenye ngazi. Aliponiona na lile joho hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Haya, mzee wangu," akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimekwisha fungwa.

*

Nilivua joho nikalificha kwenye kichaka cha michongoma kabla ya kuingia ndani. Sihaba alikuwa macho.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Vibaya?"

"Vibaya sana. Nimewatukana."

Akacheka, kicheko kisicho na pumzi, mabega tu ndiyo yaliyotikisika. Akanyosha mkono akanishika shavu.

"Mume wangu," akasema. "Leo ndiyo umenioa."

Alikufa Jumatano, kabla ya adhuhuri, wakati nimeinuka kumchemshia uji. Binti yetu Mize, aliyeolewa mbali, hakuwahi kufika. Sijui mtu mwingine hufanya nini. Mimi nilirudi jikoni nikauzima moto kwanza, kisha nikaja kwake nikamwita jina lake, nikamwambia kila kitu, joho, sharubati, kijitatizo, nikamwambia kwa sauti mpaka majirani wakaja. Nilikuwa nimechelewa kwa dakika chache tu, na kwa wiki saba.

Lakini huwezi kumzika mtu hivihivi kwetu. Lazima jina lake lifutwe kwenye mfumo, na ili lifutwe lazima kwanza atambuliwe. Sista Foibe akaja nyumbani na kidude juu ya sanduku lake la chuma, amekibeba kifuani. Akina mama wa machimbo walikuwa wamekwisha mwosha. Walitupisha, wakasimama ukutani na mikono yao ile.

Niliushika mkono wa mke wangu. Wiki tano haukuwa umegusa nyundo wala jiwe. Nikaufungua, na nilipokipindua kidole gumba niliona ngozi imerudi. Ilikuwa laini, ina mistari yote, imezunguka vizuri kama siku zile za cherehani. Nikakiweka kwenye kioo.

Taa ikawa kijani mara ya kwanza tu.

"Karibu, Sihaba Mwinchande," ikasema ile sauti. "Dawa yako iko tayari."

Sanduku likafunguka. Sista alibonyeza hapa na pale atafute pa kuandika kifo, hakupaona. Kidude kilisema hatua hii haijakamilika. Akaingiza mkono sandukuni akatoa pakiti ya vidonge vya mwezi mzima, akaninyoshea huku ameangalia pembeni.

"Pokea, mzee wangu," akasema. "Usipopokea hakiendelei."

Nikavipokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante. Kisha nikakaa sakafuni kando ya Sihaba nikalia kwa sauti mbele ya watu wote, na Sista hakunikataza.